Kila Mtoto Alambe Mara Moja

Makindye, 12 Januari 2025

Mjukuu wangu Akech,

Unalala? Mgongo umeacha kukusumbua? Mimi ni mzima. Magoti ndiyo yamekataa, lakini magoti si mtu, nayaburuza hivyo hivyo. Anayeandika hapa ni mzee Katembo, fundi cherehani wa pale mlangoni mwa kambi ya jeshi. Kiacholi hakijui, kwa hiyo tunasema Kiswahili chetu cha kambini. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitilie maneno ya kanisani. Na wewe afande unayefungua barua za watu, salamu zako pia. Kaa usome.

Mtoto wako amefika. Yule mama wa ustawi wa jamii alimleta Jumanne kutoka huko gerezani, na furushi moja na kandambili za mtu mzima. Ayot hakulia. Afadhali angelia. Alisimama mlangoni mpaka nikamwambia ingia. Akaingia, akasimama tena mpaka nikamwambia kaa. Asubuhi naamka, namkuta amechuchumaa kando ya ukuta, ametulia kama jiwe. Nikamwambia, "Mama, hapa hatuhesabiwi. Uko peke yako." Akasema, "Basi sema moja." Nikasema moja. Ndipo akainuka, akaja kunywa chai.

Sasa jua. Kiangazi hiki hakina adabu, bati linalia tangu asubuhi. Watoto wote wa mstari wetu wa nyumba wananyonya barafu za matunda, zile za kwenye kaveera, vifuko vya plastiki, unauma kona unafyonza. Ayot anawaangalia tu. Aliniuliza kama ule ni mshumaa. Nikamwambia ni maji ya matunda yaliyoganda. Akasema, "Mama yangu alikuwa anatengeneza." Sijui nani alimwambia. Wewe?

Afande asije akadhani mjukuu wangu ni mchawi wa kugandisha maji, basi aandike Katembo: huyu Akech alikuwa akiuza barafu za pasheni hapa Makindye na kule Nakivubo. Mwaka ule mabomba yalikauka. Akachota maji ya kisima cha bondeni, hakuyachemsha. Watoto wakahara. Wengine wakapona, Oyet, mtoto wa Akwero, akafa. Hakimu akasema uzembe. Alikwenda huko na mimba, Ayot akazaliwa ndani. Ni hayo, hakuna lingine.

Friji yako haijawashwa tangu siku ile, naweka sufuria humo. Akwero bado yuko nyumba ya tatu. Hatunywi maji kwao, wala wao kwetu. Hata moto hatuombani. Unajua desturi yetu: damu ikiwa katikati ya nyumba mbili na haijasuluhishwa, midomo haikutani kwenye chombo kimoja.

Mtoto anataka barafu. Nimesema nikuulize kwanza. Nimpe?

Nyanya yako,
Lanyero

*

Gerezani, 21 Januari 2025

Nyanya yangu,

Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa kivulini. Mimi mgongo unauma usiku tu, mchana naushinda kwa kazi ya shamba. Barua yako ilisomwa kabla yangu. Afande amesema nikuambie anakusalimu, na yeye si mchawi pia. Wenzangu walicheka. Mimi nilifika pale ulipomwambia "moja" nikashindwa kuendelea mpaka jioni.

Usimpe barafu. Nyanya, nakuomba. Mpe uji, mpe chai, mpe chungwa zima amenye mwenyewe. Sitaki kusikia barafu na mtoto vimekutana tena katika nyumba hiyo.

Lingine ni hili. Natoka mwisho wa Aprili. Nitakwenda wapi? Kwa baba yangu Odera, huko Kisumu, wananijua kwa picha. Walisema nije nikitaka, lakini nyumbani ni hapo kwako. Ulinilea hapo tangu mama alipofariki, sijui pengine. Ila siwezi kupita mbele ya mlango wa Akwero kila siku na ndoo, kama mambo yako vile. Nenda kwake. Waitwe wazee, tunywe ile dawa chungu ya mizizi ya kusuluhisha damu, sisi na wao, kibuyu kimoja. Nitapiga magoti. Nitafanya lolote atakalosema.

Mwambie Ayot nimemsalimu. Usimwambie zaidi.

Mjukuu wako,
Akech

*

Makindye, 9 Februari 2025

Akech wangu,

Hujambo huko? Sisi tunapumua. Jua limekausha hata matusi ya Katembo, siku hizi anatukana kwa kichwa tu.

Nimekusikia, na sikukutii. Nimemtengenezea. Ngoja, usitupe barua.

Sufuria nimezitoa kwenye friji, nikaiwasha. Pasheni na embe zimetoka sokoni Nateete, Katembo alikuwa anafuata vitambaa huko nikamtuma. Maji nimeyachemsha mpaka kifuniko kikacheza, nikayaacha yacheze, nikaongeza kuni, yakacheza tena. Nimeyapoza ndani ya sufuria iliyofunikwa, hata nzi hakuyaona. Pasheni nimezikamua kwa kitambaa kipya. Sukari nimezidisha kidogo kuliko ulimi unavyotaka, kwa sababu baridi inakula utamu, wewe mwenyewe ndiye uliyenionyesha. Kaveera nimefunga na nafasi juu, maji yakiganda yanavimba. Halafu ya kwanza nikala mimi, nikangoja tuone kama nitakufa. Mimi nikifa watu watakula pilau warudi makwao. Sikufa. Tumbo halikusema hata neno.

Ndipo nikampa. Aliishika akapiga kelele, akaitupa, akasema imemuunguza! Nikaiokota, nikaiosha, nikamwambia huo ni ubaridi, haujawahi kukutana nawe. Akajaribu kwa ncha ya ulimi. Akech, ungemwona. Alikunja uso wote, akacheka. Sikuwa nimesikia sauti yake ya kucheka. Ni yako. Huwezi kuniambia nimnyime mtoto kitu kilichomtoa sauti hiyo. Nilaumu ukitaka, nitaendelea kuchemsha maji.

Kwa Akwero nilikwenda. Nikagonga. "Akwero, ni mimi Lanyero." Akasema kutoka ndani, "Najua ni wewe, nasikia magoti." Nikaongea na mlango mpaka koo likakauka, na maji ya kuomba sina. Mwishowe akafungua upana wa mkono. Amekonda. Akasema wazee wa ukoo wa mumewe watatoka Kitgum katikati ya mwezi wa tatu, watakaa kusikiliza. Akauliza, "Una mwanamume wa kukusemea?" Nikasema nina Katembo. "Huyo Mkongomani?" Nikasema, "Ana suruali." Mdomo wake ukatingishika kidogo upande mmoja. Si kicheko, lakini nilikiona.

Kwa hiyo ngoja. Usivunjike moyo.

Nyanya yako,
Lanyero

*

Gerezani, 18 Machi 2025

Nyanya,

Je, u mzima? Ayot mzima? Nauliza kwanza hilo, mengine baadaye. Nimekuandikia mara mbili, kimya. Siku ya wageni nilikaa benchini mpaka wengine wote wakaondoka.

Ile ya barafu nilikasirika, halafu nikaisoma tena na tena pale anapocheka. Sijakasirika sasa. Kama ni hilo linalokunyamazisha, liache.

Juzi ameletwa msichana wa Makindye. Nikamuuliza habari za mstari wetu, karibu na kambi. Akaangalia chini. Nyanya, kuna nini? Hata kama Katembo hayupo, tafuta mtu yeyote aandike maneno mawili.

Mjukuu wako,
Akech

*

Makindye, 25 Machi 2025

Akech mtoto wangu,

Sote tuko hai. Hilo lisome kwanza, ukae chini, ndipo usome haya.

Nilinyamaza kwa sababu sikutaka ulijue ukiwa huko ndani bila pa kukimbilia. Sasa umelinusa, basi nakuambia lote.

Nilimpa Ayot barafu moja, ya embe. Nikaingia ndani kugeuza maharage. Yeye akatoka nayo nje. Huko kwenu mmemfundisha kwamba kitu kikiingia wodi yenu ya gerezani ni cha wote, si ndiyo? Basi aliwaita watoto wa mstari mzima. Akawaambia wachuchumae wawili wawili. Wakamtii, wakubwa kwa wadogo, walidhani ni mchezo. Akawahesabu. Akapita na barafu mkononi, mdomo hadi mdomo, anasema, "Kila mtoto alambe mara moja. Asiibe mtu." Mimi nimesimama mlangoni na mwiko, nacheka, nasema huyu atakuwa afande.

Sikumwona Vera. Alikuwa nyuma ya wale wakubwa. Vera wa Akwero, mdogo wake Oyet. Nilipomwona, ulimi ulikuwa umeshatoka nje. Nikafungua mdomo, nikachelewa.

Akwero alikuwa anaanika nguo. Aliona kama nilivyoona. Hakupiga kelele. Alikuja, akambeba Vera, akamtia kidole kooni mpaka akatapika, akaenda naye ndani. Ayot akaniuliza, "Nyanya, nimehesabu vibaya?"

Baada ya siku chache Vera akashikwa na homa. Wakampima, ikawa malaria, daktari alimwonyesha Akwero karatasi. Akwero akasema malaria nayo ina aliyeifungulia mlango. Usiku huo mtoto alitetemeka vibaya, na asubuhi watu wakaja kwangu. Si wageni, ni watu wa hapa hapa, wengine nimewashikia watoto wao wakizaliwa. Waliitoa friji nje wakaipasua kwa shoka. Katembo alisimama mbele yao, wakamsukuma, mkono ukateguka. Hilo nalo lilizuia barua, na ndiyo maana maandishi haya yamelala upande.

Vera amepona. Anacheza. Lakini wazee wa Kitgum walipofika na kusikia, walikataa hata kukaa. Walisema watoto wamekula pamoja kabla ya dawa, damu imerukwa, jambo limefunguka upya. Wakapanda gari wakarudi.

Ayot hatoki nje tena. Mimi simzuii. Anajizuia mwenyewe.

Nyanya yako,
Lanyero

*

Gerezani, 2 Aprili 2025

Nyanya yangu,

Pole. Pole na mzee Katembo, mkono wake upone. Mwambie Ayot hakuhesabu vibaya. Mwambie mimi ndiye niliyesema.

Nimemfundisha mimi ile. Mtu akiletewa kipande cha sabuni, tunakata. Akiletewa ndizi, tunalamba. Niliona fahari kwamba mwanangu si mchoyo.

Nimeamua. Siku nikitoka nakuja moja kwa moja hapo, sibadilishi hata nguo. Nitakaa mlangoni kwa Akwero. Anipige, anitemee mate, aite watu. Nitakaa mpaka ajue mimi si wa kukimbia. Usiniambie nisije, maana nitakuja.

Mjukuu wako,
Akech

*

Makindye, 19 Aprili 2025

Akech, mtoto wa binti yangu,

Umeamkaje? Mimi nimeamka, na kuamka kwenyewe si kidogo. Mvua zimeanza, vumbi limelala. Afande, hii usiisome kwa sauti.

Akwero alikuja kwangu. Mwenyewe, kwa miguu yake, mchana, watu wote wakiona. Alikaa nje kwenye kizingiti, hakuingia. Nilimwonyesha barua yako, Katembo akamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asije."

Nikasema, "Anataka kupiga magoti."

"Magoti yake nitayafanyia nini? Lanyero, mimi si mtu mbaya. Yule mdogo wenu alipokuwa anapanga watoto, nilimwona kabla yako. Nilisimama na shuka mkononi. Nikasema, huyu ana kimo cha Oyet. Ningeweza kumwita Vera mapema. Sikumwita, nilikuwa nikiangalia kimo."

Katembo alijifanya anatafuta sindano.

Akasema ametuma neno Kitgum na wazee wamekubali hivi: atatamka mbele yao kwamba Ayot hadaiwi kitu. Asifuatwe na hiyo damu, wala akiolewa, wala akizaa. Imekwisha kwake. Lakini wewe na mtoto mwende mbali, yeye Akwero asiwaone tena kwa macho. Na mimi nibaki.

Nikamuuliza, "Nibaki wa nini, mzee kama mimi?"

"Ili ijulikane nyumba hii haikukimbia. Nyumba ikikimbia, wazee hawatasikia maneno yangu."

Ni kweli, Akech. Nawe unajua ni kweli. Tukiondoka sote, deni linapanda basi pamoja na mtoto.

Nikamuuliza, "Na siku ya kunizika? Hata siku hiyo asije?"

Alinyanyuka kwenye kizingiti. Kisha akasema, "Nitakuzika mimi."

Nimekubali. Sikukuuliza, kwa sababu ungesema hapana, na hapana yako ingemkalia Ayot shingoni maisha yake yote. Neno limeshatoka kinywani mwangu, wazee wamelipokea, huwezi kulirudisha. Nikasirikie ukiwa huko Kisumu.

Siku ya kutoka, Katembo atakuwa getini mwa gereza na Ayot. Nimewafungia nguo na chakula cha njiani. Tiketi za basi anazo yeye. Mtoto analala upande wa kulia, ukimgeuza anaamka. Hapendi nyama yenye mafuta. Akikuuliza swali, mjibu ukweli, ukimdanganya anajua na ananyamaza siku nzima. Amenizoea. Atanililia kidogo, mwache alie, usimwambie nyamaza. Amejifunza kulia juzi tu.

Mimi sitakuja getini. Nikikuona nitapanda basi.

Na ukifika, usiniandikie. Nakuambia mapema. Katembo ataniambia barua imefika, nitamwambia asome, halafu nitataka kujibu. Na nikijibu, mjukuu wangu, nitakuambia rudi.

Ni mimi nyanya yako,
Lanyero