Mkwe Amesimama Kwenye Njia ya Mbio

Mama Kabula,

Habari za hapo Mwadui, na watoto? Mimi mzima. Hapa Nkome nashiba sato kila siku, na upepo wa ziwa unakausha jasho kabla halijadondoka.

Mbio hizi, kama unavyojua, zilizaliwa na ubishi wa wavuvi na sisi wachimba dhahabu, nani ana mbio zaidi. Tangu hapo kila mwaka, pamba ikishauzwa, tunapimana ufukweni. Mwaka jana nilikuwa wa kwanza mpaka nilipomkuta mama yako kasimama njiani. Kwa mila zetu mama mkwe hapitwi karibu hivihivi! Nikajitosa kwenye matete kumpisha, wavuvi watatu wakanipita.

Leo amemtuma kaka yako kwangu: "Mwambie kesho nitasimama palepale, nimeipa njia mgongo, kanga kichwani. Apite tu, asihofu. Ila miguu ya kwanza nitakayoisikia iwe yake."

Nimejifunga kibwebwe, na matete siyaingii tena. Nisalimie watoto, nawe ujitunze. Kesho mama atasikia miguu yangu, kisha atakaa sana kabla hajasikia ya wavuvi.

Wako,
Baba Kabula