Mayai ya Rodi Kopany

Gichana, weka chai chini usome. Leo bibi Leonida amenisimulia mambo ya mwaka wa sitini na sita, na bado siamini.

Mimba tatu zilikuwa zimeharibika. Mama mkwe alishapata sababu: Leonida anakula mayai kisiri, na enzi zile yai lilikuwa mwiko kwa mwanamke. Wazee wangekaa Jumapili arudishwe kwao Takawiri.

Ijumaa, hospitali ya misheni, akapigwa picha ya tumbo la uzazi. Daktari akaiinua dirishani, mama mkwe akiwa papo hapo.

"Kuna ukuta katikati. Alizaliwa nao. Mtoto anakosa nafasi."

"Na mayai?" mama mkwe akauliza.

"Mayai hayajengi ukuta, mama."

Mayai, Gichana. Alimuuliza daktari habari ya mayai. Leonida alitaka kucheka, akajikuta analia.

Walipofika sokoni Rodi Kopany, njiani kurudi, Leonida akanunua mayai mawili ya kuchemsha. Akala moja polepole, akimtazama mama mkwe machoni.

Mama mkwe akachukua la pili, akalimenya kwa vidole viwili, ganda likatoka zima.

"Nyar Takawiri," akamwita, yaani binti wa Takawiri, "Jumapili nitaongea mimi. Na siku nyingine beba chumvi."

Ganda zima, Gichana. Huo ni mkono wa miaka mingi.