Nani Anafungua Chakula cha Kuku Zangu

Nakivale, 9/10/2006

Mutoto wangu Madeleine,

Salamu mingi huko Mbarara. Mguu unaniuma bado, lakini mdomo ni muzima, Bwana asifiwe. Yule bwana wako Twinomujuni, soldat wa jeshi, angali anakoroma kama lori?

Sasa sikia. Unajua chakula ya kuku ninachanganya mwenyewe: pumba za mahindi, soya ya kukaanga, samaki ndagala za kutwanga, maganda ya mayai. Mfuko ninaufunga kwa fundo letu la kamba ya ng'ombe. Lakini kila siku ya Mungu, Jumapili, nikitoka kanisani, ninakuta fundo lingine, lile la wanawake la kufungia mutoto mgongoni. Na mfuko umekuwa mwepesi! Nani hakuja kanisani? Jirani yangu Nyirabizimana, eti magoti. Magoti gani hayo yanayoruka ua wa mtu? Na kuku zake zinanenepa kama wake za wachungaji.

Nimehamishia chakula ndani ya pipa la plastiki, nimekaza kifuniko mpaka mishipa ikanitoka, nimetia kadena ya ufunguo mlangoni. Aje sasa.

Papa yako

Mbarara, 16/10/2006

Papa mpendwa,

Tunakusalimia sote hapa kambi ya jeshi. Mguu unaukanda kwa maji ya moto kama nilivyosema?

Twinomujuni amecheka mpaka chai ikamtoka puani. Anauliza kama alete askari walinde pumba. Lakini Papa, chakula ulikianika kabla ya kukifungia? Mvua hii! Mama alikuwa anakitandaza juani kwenye turubai mpaka kikauke kabisa. Wewe ulikuwa unasema jua ni la mijusi.

Tafadhali usimguse Nyirabizimana kwa maneno. Ndiye aliyemwosha Mama alipofariki. Ukiugua, nani mwingine anakuletea uji?

Binti yako

Nakivale, 30/10/2006

Madeleine,

Salamu fupi, niko na msiba. Jogoo amekufa. Matetea matatu yamemfuata, kama wajane wasio na subira. Huyu mwanamke amekosa kuiba, sasa ameleta sumu! Jana, saa ya ushuhuda, nilisimama nikamtaja, naye ameketi benchi la mbele. Mchungaji alifunga Biblia, akasahau kidole chake ndani.

Baadaye huyo mwanamke akanijia, magoti yake na yote. "Nusa pipa lako, mzee." Basi, akaenda. Kunusa! Mimi ni mbwa?

Twinomujuni aje na magwanda yake yote, mutu aogope.

Papa yako

Mbarara, 6/11/2006

Papa,

U mzima? Twinomujuni haji. Nusa pipa.

Binti yako

Nakivale, 20/11/2006

Madeleine,

Ni muzima, usiulize zaidi. Nilinusa.

Ndani kumeota ukungu mweupe kama ndevu zangu, na harufu ya soksi ya soldat. Nimezika chakula chote mbali, kuku zisichakure. Nikaenda kwa Nyirabizimana. "Basi wewe ulikuwa unafanya nini na mfuko wangu?"

"Nilikuwa ninakuanikia. Kila mara unafunga kibichi. Marehemu mke wako aliniomba nikuangalie. Hakusema nikuombe ruhusa."

Kumbe ule wepesi ni maji yaliyotoka.

Nilimpelekea tetea muzuri kuliko wote waliobaki. Alimrusha juu ya ua, tetea akatua kichwani mwangu. Nilisimama tena kanisani, nikajitaja mwenyewe. Batu walicheka. Yeye hakugeuka. Uji hauji tena, na mimi simlilii uji, unanielewa.

Papa yako

Nakivale, 18/12/2006

Mutoto wangu,

Noeli njema kwako na kwa lori lako. Mguu si mbaya.

Nimetwanga chakula kipya. Kadena nimetupa. Kila siku ya Mungu ninaacha mfuko mbichi makusudi, na fundo la ng'ombe, ninaenda kuimba vibaya. Ninarudi: fundo langu. Ninaanika mwenyewe, nikilitukana jua. Wiki ingine, fundo langu tena.

Jana mchungaji alihubiri mpaka Mungu mwenyewe akasinzia. Nikarudi. Fundo la mutoto mgongoni! Nikazamisha mkono: joto la jua mpaka kiwiko.

Na kopo nzima ya chakula imepungua, Madeleine. Safari hii si maji, ninaapa.

Sisemi kitu.

Papa yako