Bomba la Bigwa na Maneno ya Mtani

Jumanne, 2 Julai
Nguzo za umeme karibu na daraja bado hazijahamishwa. Watu wa simu wanawasubiri watu wa umeme. Watu wa umeme wanawasubiri watu wa simu. Mimi wa maji nipo katikati, maana ndimi niliyepewa kazi ya kuwapatanisha wote na mkandarasi wa barabara. Mratibu. Jina kubwa, kazi ya kubembeleza watu.

Mkandarasi huyu anachora barabara mwenyewe na kuijenga mwenyewe. Ndiyo mikataba ya siku hizi za ruksa. Zamani ramani ilikuja imekamilika, ukabishana nayo mpaka ukachoka. Hii inabadilika huku katapila linanguruma. Ni kama fundi kukushonea gauni ukiwa umelivaa.

Afadhali yupo Maganga. Mhandisi katika chumba chao cha michoro, Mnyamwezi wa Tabora. Mimi Mluguru wa milimani, kwa hiyo watani. Leo kanipokea mlangoni: "Karibu mtani, ule mguu mfupi umeuacha mlimani?" Nikamwambia mjukuu wa wapagazi haulizi miguu ya watu, abebe mzigo wake aende. Ofisi nzima ilicheka. Bila yeye ningekuwa nimeshaomba uhamisho.

Ijumaa, 5 Julai
Mkutano Bigwa, kwetu, uwanja wa shule. Watu wana wasiwasi na bomba lao. Wana haki. Ni bomba la chuma la tangu enzi za mapadre, linateremsha maji kutoka mlimani, na hawana lingine. Mama yangu anakunywa humo humo.

Nilisimama nikawaeleza. Barabara itapita upande wa bondeni, chini ya bomba. Mchoro nimeuona, Maganga mwenyewe kanionyesha, na leo alikuwa amekaa pale pale benchi la mbele. Nikasema bomba halitaguswa. Na likilazimika kuguswa, jipya litalazwa kwanza ndipo la zamani likatwe.

Mjomba Mloka akainuka na fimbo yake. Bomba linapita katika ardhi ya ukoo wetu, na kwetu ardhi ya ukoo anaisemea mjomba. Akaniuliza mbele ya watu wote: "Anayesema ni serikali au ni Yustina?"

Nikasema ni Yustina.

Akakaa. Mkutano ukaishia hapo, wapimaji wakaruhusiwa kupita mashambani. Nimerudi nyumbani nikijisikia mtu.

Jumatano, 10 Julai
Kikao cha kila wiki. Meneja wa mkandarasi, mgeni yule, ana haraka kuliko jana na juzi. Niliuliza rasmi: kuna mabadiliko yoyote Bigwa? Maganga akapekua karatasi zake, akasema michoro inaendelea. Sawa.

Wakati wa chai akarudi kuwa yeye. "Mtani, waambie Waluguru wenzio waanze kukinga umande kwa vibuyu. Barabara imewapenda, inapanda mlimani kuwaposa!" Mzee Salum wa umeme nusura apaliwe na chai. Nikamjibu posa ya Mnyamwezi tunaijua, mahari yake mzigo wa kichwani. Nimecheka mpaka machozi. Ana mdomo yule.

Jumapili, 14 Julai
Baada ya misa nilipita kwa mama. Vigingi vyekundu vimepigwa nyuma ya nyumba, juu ya bomba, upande wa mlima. Mama akauliza hivi navyo vya nini. Nikamwambia wapimaji hupima pande zote, asihangaike. Akanipa ndizi za kwenda nazo.

Alhamisi, 18 Julai
Wamelikata.

Nilipofika, katapila lilikuwa limeshapita. Bomba limepinda kama mkono uliovunjika, maji yanamwagika kwenye kifusi, akina mama wanakinga matope kwa ndoo na sufuria. Bomba jipya halipo. Hata mtaro wake haujachimbwa. Kufikia saa nane chanzo kilikuwa kimefungwa na Bigwa yote kavu.

Barabara imehamia upande wa mlima. Bondeni udongo ni tope tupu, kuutoa wote kungewachelewesha, basi wamekwepa. Wakikwepa tope wanatukanyaga sisi. Na huu ni Julai, mvua ya kukinga iko wapi?

Nilipiga kelele. Dereva wa katapila akasema, "Dada, mimi nafuata vigingi." Kweli, yeye anafuata vigingi.

Mama alisimama mlangoni na ndoo tupu. Bora angenitukana.

Ijumaa, 19 Julai
Nataka niandike hivi hivi, nikiwa na hasira.

Kikao cha dharura. Nikasema ofisi ya maji haikuarifiwa. Meneja akamgeukia Maganga. Na Maganga, mtani wangu, akasema bila kunitazama: "Bi Yustina nilimwarifu kwa mdomo. Wiki iliyopita."

Nikadhani nimesikia vibaya. Lini? Wapi?

"Wakati wa chai. Nilisema barabara inapanda mlimani. Nilisema Bigwa waanze kukinga maji."

Nikamtazama Mzee Salum. Mtu mzima, msema kweli. Akainamisha kichwa. "Ni kweli, alisema," akasema. "Hata mimi nilicheka."

Wakaandika kwamba mratibu alitaarifiwa. Mkuu wangu wa ofisi ya maji aliandika pamoja nao.

Ningesema nini? Kwamba ulikuwa utani? Kumweleza Meneja yule kwamba kwetu mtani anaweza kukuambia umekufa na wewe ukamwomba sanda? Nimeuzwa, na nimeuzwa kwa kicheko changu mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi, 20 Julai
Maganga kaja nyumbani. Kaja na soda, eti.

Anasema Meneja alikataza mabadiliko yasitoke nje, maana ofisi ya maji ingesimamisha kazi mpaka bomba jipya lilazwe. Anasema atakayefungua mdomo atapunguzwa, na yeye ana watoto, na viwanda mjini vinafungwa kimoja kimoja, aende wapi? Kisha akasema hili: "Sikuweza kukwambia kama mhandisi, Yustina. Nikakwambia kama mtani."

Nilikaribia kumhurumia. Kweli, nilikaribia. Kisha nikamuuliza: na jana mbele ya Meneja, ulisema kama nani?

Nikamrudishia soda yake.

Angeninong'oneza tu. Angenivuta pembeni, asicheke, ningejua. Alichagua maneno ambayo kwa mila sitakiwi kuyaamini, kisha akayatumia kama ushahidi. Hilo si woga. Ni ujanja.

Jumanne, 23 Julai
Bigwa. Wanawake wanapanda mpaka kwenye kijito na kushuka na ndoo. Walinisalimia vizuri tu. Hakuna aliyenisogelea.

Mjomba Mloka amelala, kifua chake kile cha siku zote kimembana. Nilimpigia goti. "Shikamoo mjomba." "Marahaba." Nikamweleza yote, na utani na kikao. Alisikiliza macho yamefumbwa. Akasema maji ya serikali hukatika, hilo alilizoea tangu ujana wake. "Nilidhani ya Yustina hayakatiki."

Nimelia njia nzima mpaka mjini.

Alhamisi, 25 Julai
Nimemwambia mkuu wangu sitoki mlangoni kwake mpaka mabomba yatoke stoo. Ameniita mkorofi. Ameyatoa.

Jumatatu, 29 Julai
Mjomba amefariki alfajiri. Ni kifua. Daktari alishatuambia zamani, kwa hiyo simsingizii mtu. Lakini kakosa kuyaona maji yakirudi, na hilo ninalo mimi.

Msiba mkubwa, watu wengi, maji ya kupikia hakuna.

Jumatano, 31 Julai
Tumemzika.

Maganga alikuja. Pikapu ya mkandarasi, nyuma mapipa yamejaa maji. Mtani hafukuzwi msibani, ana kazi yake pale. Aliifanya kweli ile kazi. Akalala kaburini akasema Mluguru haingii mpaka alipe kodi ya pango. Akazuia jeneza. Akanyang'anya wali wa wazee. Watu waliolia tangu Jumatatu wakaanza kucheka, na sikatai, walihitaji.

Kisha akaichukua fimbo ya marehemu. Akainama vile vile, akakohoa vile vile, akanielekezea: "Anayesema ni serikali au ni Yustina?"

Msiba mzima uliangua kicheko. Mama alicheka huku anafuta machozi kwa kanga. Ilikuwa sauti ya mjomba kabisa.

Wote wakanigeukia, wakisubiri nijibu. Ni zamu yangu, ndivyo ilivyo, mtani hanuniwi. Hasa msibani hanuniwi. Nikageuza uso nikatazama kaburi. Shangazi mmoja akadhani ni uchungu wa mjomba, akanishika bega.

Nilikunywa maji ya Maganga. Kiu ilikuwa kali. Hilo nalo naliandika.

Jumatatu, 12 Agosti
Bomba jipya limefika mpaka nyumba ya mama. Nilisimama na mafundi tangu asubuhi. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, kisha yakatakata. Mama alijaza ndoo, akaifunika, akaenda kukoka moto. Baadaye akaniletea kikombe cha chai bila kuniuliza kama nataka.

Jumatano, 14 Agosti
Kikao cha kawaida. Nguzo za umeme karibu na daraja, bado.

Maganga alikuwa amesimama mlangoni kama siku zote, uso umechangamka kidogo, anapima. Kanizidi miaka kadhaa, lakini tangu tujuane sijawahi kumwamkia. Mtani hupokewa kwa tusi.

"Mtani, ule mguu mfupi..."

Nikainamisha kichwa kidogo, kama tulivyofundishwa shuleni. "Shikamoo, Bwana Maganga."

Tabasamu likabaki kwanza, kisha likaondoka. Mzee Salum aliacha kukoroga chai. Maganga alitazama viatu vyake, akatazama ukuta, na adabu ikamdai.

"Marahaba," akasema.

Nikapita, nikaketi, tukaanza na habari za nguzo.