Nengah, Uliyekaa Mahali pa Baba Mdogo Sadra

Mwaka umetimia, Nengah, tangu asubuhi ile ya ukungu ulipotutoka hapa nyumbani Tegal Anyar. Dirisha la chumba chako tunaliacha wazi, na sauti za vyura wa mashambani zinaingia zitakavyo.

Ulikuwa mtu wa kusikiliza. Ungesimamisha pikipiki katikati ya njia ya mashamba ya mpunga ili usikie mfereji unasema nini. Mumeo Mudita alizoea kuchelewa kula, kwa sababu ulikuwa umeweka kinasa sauti karibu na sufuria ya wali na hukutaka mtu aguse kifuniko.

Kazi yako ilikuwa muziki wa mashine. Miaka kumi uliwachezesha watu mjini Denpasar kwa kompyuta na spika, kila pigo mahali pake, halizidi wala halipungui. Bapa Rentana, baba yako, hakuwahi kuja kusikiliza. Yeye alikuwa na gamelan ya kijiji, kundi la wapiga ala za shaba, na mbele yake alikuwa na mdogo wake Sadra. Kwa miaka thelathini na sita walikaa wakitazamana, kila mmoja na vibao vyake vya shaba, huyu akipiga penye mwanya wa yule, hata msikilizaji angedhani ni mtu mmoja mwenye mikono minne.

Baba mdogo Sadra alipofariki, Bapa aliiweka nyundo yake ya kupigia vibao juu ya kabati. Akawa hali chakula vizuri, haongei. Ndipo ulipokuja na wazo lako. Zamani ulikuwa umerekodi sauti za vibao vya Sadra. Ukazipanga kwenye kompyuta, ukaweka spika pale alipokuwa akikaa, ukamwomba Bapa ajaribu.

Alipiga kidogo, akaacha.

"Inapiga sawasawa," alisema.

"Si ndiyo vizuri, Bapa?"

"Sadra hakuwahi kupiga sawasawa. Nikikimbia alinishika. Nikichoka alinibeba. Hiki kitu hata hakijui kama nipo."

Ulikunja nyaya. Meme, mama yako, alikukuta umekaa kwenye ngazi ya jiko, akakuletea kahawa. Kesho yake ulirudi kwa Bapa mikono mitupu.

"Basi nifundishe mimi sehemu ya baba mdogo."

"Una miaka thelathini na minne, Nengah. Vidole vyako vimezoea kubonyeza tu."

"Nicheke, Bapa, lakini nifundishe."

Alipanda kwenye kiti, akaishusha nyundo.

Hakuna kilichoandikwa. Alipiga, nawe ukafuata, mkono wa kulia ukigonga, wa kushoto ukishika kibao kisiendelee kulia. Ulipopotea, mzee wetu Pak Kecor, mpiga upatu mkubwa, aliuliza mbele ya kundi zima, "Nengah, umeme umekatika?" Nawe ukamjibu, "Umeme upo, Pak. Waya ndio mkongwe, ni wa Bapa." Bapa mwenyewe alicheka. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu Sadra aondoke.

Siku moja ulipima vibao vya ndugu wale wawili kwa mashine, ukakuta vya Sadra vimepanda sauti kidogo kuliko vya Bapa. Ukadhani ni kosa la fundi.

"Vimetengenezwa hivyo makusudi," Bapa alikuambia. "Vikilingana, sauti inalala. Visipolingana kidogo, sauti inapumua."

Ulirudi chumbani, ukafungua nyimbo zako za zamani, na moja baada ya nyingine ukazikuta zimelala.

Tangu hapo kila sauti uliipa pacha asiyelingana nayo. Saa iliyoziongoza mashine zako zote uliizima, ukaziacha zisubiriane. Nyimbo zako zikaanza kwenda kama maji ya mashambani yanavyoshuka ngazi kwa ngazi: juu mbio, chini polepole, na mbali kabisa upatu ukija kufunga mzunguko. Mwenye ukumbi mmoja alilalamika kwamba watu hawajui wakanyage wapi. "Watajua wakiacha kuhesabu," ulimwambia, na hakukuita tena. Wengine walikuita, kidogo kidogo, na watu waliokuja kucheza walianza kukaa chini na kufumba macho.

Mwaka wa tatu wa kujifunza, kwenye sherehe ya hekalu letu, ulikaa mahali pa Sadra kwa mara ya kwanza. Katikati ya wimbo mkono wa Bapa ulianza kuchoka. Sisi wa nyumbani tuliona. Ulipiga sehemu yako na vipande vya sehemu yake, ukiziba alipoacha, mpaka nguvu zikamrudia. Wasiojua hawakusikia pengo. Baadaye alifuta jasho, akakuambia, "Kesho njoo mapema."

Ugonjwa wa figo ulikulaza, lakini kazi hukuiacha. Ulitunga ukiwa kitandani, kompyuta mapajani. Jioni moja ya mvua ulituita sote utusikilizishe wimbo wako wa mwisho. Meme, ambaye hakuwahi kuzielewa mashine zako, alitega sikio.

"Hiyo ni mvua ya nje au ni gamelan?"

"Sijui tena, Meme," ulisema, macho umeyafumba, unatabasamu.

Giza likaingia tukiwa tumekaa vilevile, na hakuna aliyenyanyuka kuwasha taa.

Unakumbukwa na mumeo Mudita. Binti yako Saras. Mama yako, Meme Rundun. Mdogo wako Darmika. Mjane wa baba mdogo Sadra. Pamoja na Pak Kecor na wapigaji wote wa banjar yetu, mtaa wetu huu.

Na unakumbukwa na Bapa, ambaye ameomba tuandike maneno haya kama alivyoyasema: "Ulipiga vizuri, Nengah. Nilichelewa kukuambia."

Siku zetu zote utakuwa mioyoni mwetu.