Naepua Biskuti Kwanza, Mama

Iyunga, Mbeya
Siku chache baada ya Krismasi

Mama,

Kamwene, salamu ya kwenu. Najua ungenijibu kwa Kinyakyusa chako kile kibovu, "Ugonile, Sekela," halafu ungecheka mwenyewe kabla mimi sijacheka. Miaka kumi na tisa niliyofanya kazi nyumbani kwako Kihesa hukuwahi kulitamka neno hilo sawasawa, na mimi sikukurekebisha hata siku moja, kwa sababu nilipenda unavyolikosea.

Naandika nimekalia ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya mgahawa wa dada yangu. Ndiko niliko sasa. Nasukuma chapati, nachemsha chai ya madereva wa malori. Chai ya tangawizi naipika lakini siinywi. Tangu uondoke sijaweza.

Nikupe kwanza habari za nyumbani, maana hukupenda mtu aingie na shida kabla ya salamu. Nyumba ipo. Mwanao Eliza hajaiuza, ingawa washauri hawakosekani. Mparachichi wako umezaa mpaka tawi la upande wa choo limevunjika. Kanisani wamepaka kuta rangi ya waridi, ungeona ungeinamisha kichwa ibada nzima, watu wangedhani unaomba. Miwani yako ipo palepale dirishani, Eliza hataki mtu aisogeze. Nilipofuta vumbi niliizunguka, nikaiacha na vumbi lake.

Sasa shida yenyewe. Mama, nimemwambia Eliza.

Ngoja nianze mbali kidogo, kwa sababu nikilisema hivi hivi litanishinda.

Nilipokuja kwako sikujua kama unga wa ngano unaweza kutengenezwa umbo la mtu. Wewe ulijifunza shuleni kwa yule sista wa Kijerumani, ukaja kuwafundisha wasichana wa Sayansi Kimu mpaka ukastaafu, halafu ukabaki na mimi mwanafunzi mmoja. Unga, sukari guru, asali ya Idodi, mdalasini, karafuu, na tangawizi ya kutwanga mpaka machozi yanitoke. Oveni ya umeme aliyokuletea Eliza uliigeuza kabati la sufuria. Biskuti zako ziliiva kwenye sufuria kubwa yenye mchanga chini, trei juu ya mchanga, mfuniko, halafu makaa juu ya mfuniko. Kila mtoto wa shule ya Jumapili alipata mtu wake wa tangawizi, na jina lake limeandikwa kwa sukari nyeupe. Tulizitundika kwa uzi kwenye tawi la msindano pale sebuleni, na siku ya Krismasi watoto wakaja kutafuta majina yao.

Krismasi yangu ya kwanza uliandika moja SEKELA. Mpaka siku hiyo jina langu lilikuwa limeandikwa kwenye kadi ya kliniki na cheti cha darasa la saba tu. Sikuila. Niliificha kwenye begi la nguo mpaka sisimizi wakaila wao, nikalia, ukaniandikia nyingine.

Na amri ilikuwa moja. "Ukishapalia moto juu, usiondoke hata akija askofu." Mwaka wa pili niliondoka. Mtu aligonga geti, nikaenda kufungua, niliporudi trei nzima ilikuwa nyeusi. Hukunigombeza. Jioni uliziweka mezani na chai, ukala moja, nikala moja. Afadhali ungenichapa. Toka siku hiyo sikuwahi kuondoka tena jikoni biskuti zikiwa motoni. Niondoke kwa nani? Kwa lipi?

Unaona sasa ninapoelekea.

Mvua ilikuwa inanyesha siku ile ya mwaka jana, mkaa umeloana, jiko linavuta moshi. Ulikuwa kitandani wiki ya pili, presha imepanda, miguu imevimba mpaka ndala hazikuingii. Nilikuambia mwaka huu tuache. Ukasema, "Nikifa niache watoto wa watu bila biskuti?" Nikakandia unga chumbani kwako, juu ya stuli, ili uone. Ulionja kwa ncha ya kidole. "Tangawizi bado. Mtu akila lazima aulize nani kamchokoza." Nikaongeza, ukaridhika, nikatoka kwenda jiko la nje.

Trei ya tatu ilikuwa motoni uliponiita.

"Sekela."

Sauti ya kawaida. Mama, nimeirudia kichwani mwaka mzima na bado naiona ya kawaida, sauti ya mtu anayetaka kujua kama kunanyesha. Nikajibu, "Nakuja, Mama, naepua biskuti kwanza." Ukanyamaza. Nikajua umenielewa, maana amri ni yako mwenyewe.

Halafu ukaita tena. "Sekela, njoo." Chini kidogo kuliko mara ya kwanza. Nikasema, "Nakuja." Nikaondoa makaa juu ya mfuniko, moja moja, kwa koleo. Nikafunua. Kingo zilikuwa bado hazijashika rangi, nikafunika, nikangoja. Nikafunua tena, nikaepua. Mmoja alikuwa amepinda mguu. Nikaunyoosha kwa kisu.

Ulikuwa unaniita, nami nanyoosha mguu wa biskuti.

Nikachukua moja kwenye kisosi nikuletee uone rangi. Nilikuwa nimefurahi, hilo nalo nikuambie. Nilifungua mlango nikiwa nimefurahi. Ulikuwa umeshusha mguu mmoja nje ya kitanda, unatafuta ndala. Kikombe cha maji kimeanguka. Macho yako yalikuwa mlangoni. Niliweka kisosi kwenye stuli, nikakuita mimi sasa, Mama, Mama, na wewe hukujibu.

Majirani walikuja na gari, tukakupeleka hospitali, wakasema ni moyo na kwamba ulikuwa umeshamaliza safari. Eliza akapiga simu kutoka Dodoma. "Ulikuwepo, Dada Sekela?" Nikasema nilikuwepo. "Ulimshika mkono?" Nikasema nilimshika. Hilo ni kweli, nilikushika, ila wewe hukuwemo tena. "Alisema nini?"

Nilimsikia anavyopumua kwenye simu. Mtoto niliyemkuta amevaa sare ya sekondari, niliyemsuka nywele, niliyemficha siku alipovunja bakuli lako la maua. Nikasema, "Alikutaja. Alisema, Eliza." Akalia, lakini kilio kikabadilika, kikawa cha mtu aliyepewa kitu cha kushika. Nikadhani nimefanya huruma. Huruma ilikuwemo, sikatai. Woga nao ulikuwemo, na ndio uliokuwa mwingi.

Kwenye mazishi mchungaji alilisema mbele ya watu wote, kwamba mama huyu aliondoka ameshikwa mkono, analitaja jina la mwanaye. Kanisa zima likalia. Mimi nilikuwa nimejifunika kanga usoni, watu wakanionea huruma, mama mmoja akanipigapiga mgongoni. Halafu pale msibani walileta chai na zile biskuti. Nilikuwa nimezisahau kwenye trei. Zile za trei ya tatu, Mama, ziliiva vizuri kuliko zote ulizonifundisha. Zilikuwa na rangi ile uliyokuwa ukiipenda. Wanawake walikuwa wanaulizana nani kapika.

Nilirudi Mbeya wiki ileile ya maziko. Nikasema nimechoka.

Mwaka huu Majilio yalipoanza Eliza akapiga. "Dada Sekela, njoo utupikie zile biskuti. Wanangu wasije wakasahau Krismasi ya bibi yao. Na mimi nataka nikae na wewe pale jikoni, uniambie tena." Nilitaka kusema naumwa. Nikasema nitakuja.

Alinipokea stendi, akanipeleka kwako kwanza, kabla hata sijaweka begi. Kaburi lako ni zuri, limewekwa vigae vyeupe. Na kuna kibao cha marumaru. Eliza akakifuta kwa mkono ili nisome. Jina lako, miaka yako, na chini yake: *Aliondoka akilitaja jina la mwanaye.* "Umeona?" akaniambia. "Bila wewe nisingelijua hili." Nikasema limependeza. Sijui hata nilitoa wapi sauti.

Kesho yake tuliingia jikoni. Mumewe na watoto walikuwa hawajafika. Nilikanda, nikaonja kwa ncha ya kidole kama wewe, nikaongeza tangawizi. Mikono haikusahau kitu. Nikapanga trei, nikafunika, nikapalia moto juu. Eliza akakaa kwenye kigoda chako, akakumbatia magoti. "Haya, niambie. Alilitamka vizuri jina langu, au kwa shida?"

Nilikuwa nimejiandaa kuurudia uongo wa zamani. Sikuwa nimejiandaa kutunga mpya. Nikaona nikijibu hili, keshokutwa ataniuliza kama ulikuwa unatabasamu, nami nitasema ulitabasamu, na wewe mwenyewe utazidi kupotea kila nikifungua mdomo.

Nikamwambia. Nilianzia kwenye mvua na mkaa ulioloana. Nilipofika kwenye "Sekela" ya kwanza, harufu ikabadilika. Unaijua ile harufu, sukari guru inapoanza kuwa chungu. Miguu yangu ilitaka kunyanyuka yenyewe, miaka kumi na tisa si mchezo. Sikuinuka. Moshi ukaanza kutoka pembeni ya mfuniko. Eliza akaitazama sufuria, akanitazama mimi. "Zinaungua," akasema. Nikasema, "Najua," nikaendelea. Nikamwambia makaa moja moja. Nikamwambia mguu uliopinda, na kisu, na kisosi, na furaha yangu. Jikoni kulijaa moshi mpaka tukawa tunakohoa, hakuna aliyesogea, nikamaliza.

Eliza akaachia magoti. "Kwa hiyo mimi hakunitaja."

"Hakukutaja."

"Alikuita wewe."

"Aliniita mimi. Mara mbili."

Akainuka, akaingia chumbani kwako, akafunga mlango. Nilifunua sufuria. Zilikuwa zimekuwa mkaa, zimeshikana, huwezi kujua nani ni nani. Nikakwangua trei mpaka vidole vikauma.

Asubuhi alitoka macho yamevimba, akasema bila kunitazama, "Kanda nyingine. Watoto wa watu wanangoja." Nilikanda. Aliandika majina mwenyewe, herufi zimelala. Aliandika watoto wote wa shule ya Jumapili, akaandika wanawe, akaandika mumewe. Sukari ikaisha kwenye karatasi ya kuikamulia, akaikunja, akaitupa. Sikutegemea kuandikwa. Lakini nilitafuta, Mama. Niliangalia tawi zima, biskuti moja baada ya nyingine.

Sikungoja Krismasi. Alinisindikiza stendi, akaniwekea begi ndani ya basi, akasimama pale dirishani. Nilidhani ataondoka bila neno. Akasema, "Kile kibao sijui nitakifanyaje, Dada Sekela." Basi likaondoka. Mpaka leo hajapiga simu, na mimi sina uso wa kupiga. Bado aliniita dada. Labda ni mazoea tu ya mdomo.

Sijui kama nimefanya vizuri. Nimemnyang'anya kitu alichokuwa anakishika, na mimi sijapata nafuu niliyoitarajia. Usiku nalala kama zamani, yaani silali. Kilichopungua ni kimoja tu, sasa nikikukumbuka nakuona ulivyokuwa, unatafuta ndala, wala si yule mama wa kwenye mahubiri.

Ninachotaka kukuuliza, na hakuna wa kunijibu: ulitaka nini? Maji? Ulitaka nikuinue? Ulikuwa umekumbuka jina la mtoto tuliyemsahau? Au ulijua, ukataka tu mtu awepo? Wiki ile yote ulikuwa unaniita kwa vitu vidogo, funga dirisha, washa taa, nami nilikuja kila mara. Nilikuja kila mara, isipokuwa ile.

Nisamehe, Mama. Nimeliandika, nimelifuta, nimeliandika tena. Nisamehe.

Dada yangu analalamika siku hizi. Akiniita naacha chapati kwenye chuma, naenda. Kumbe anataka chumvi tu. Chapati zinaungua, ananiambia nimekuwa mjinga uzeeni. Mwache aseme. Nimekuahidi hivi na narudia hapa: mtu yeyote akiniita, awe mtoto, awe mlevi wa barabarani, nitaacha kilicho motoni.

Pumzika pale kwenye vigae vyako vyeupe. Mwakani Eliza akiniita nitakuja kukanda, asiponiita nitakuja kukufutia vumbi na kurudi. Na wewe ulishaniita mara mbili. Siku ukiniita mara ya tatu, hutanisikia nikisema nakuja. Utaona tu mlango unafunguliwa.

Sekela