Kwa Nini Jarida Lako Huchelewa

Dada mpendwa,

Shikamoo. Shemeji na watoto hawajambo? Yule wa pili ameacha kuuma kucha? Sisi huku wazima wa mwili, na zaidi ya hapo sitajisifu.

Barua yako nimeipata juzi, nimeisoma mara tatu. Unasema Bwana Kengele, tarishi wenu wa posta, amesimamishwa kazi kwa malalamiko yako, na Ijumaa ijayo postamasta ataamua kama atafukuzwa. Unasema pia mkewe alikuja kwako, akakaa, hakugusa hata maji.

Umeniuliza tena, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa posta katika familia, kwa nini jarida la mwalimu jirani yako hufika tarehe tatu na lako hufika siku linayojisikia. Sababu zipo. Barua hutangulia, majarida husubiri gunia lijae. Mwezi wenye sikukuu, gunia hulala njiani. Mara nyingine wachapaji wenyewe huchelewa. Yote ni kweli, na ningeweza kujaza kurasa nne nikijificha humo. Lakini jarida lako na la mwalimu huingia gunia moja, dada. Yanapaswa kufika siku moja.

Ni mimi. Mizigo ya kwenu hupitia chumba chetu cha kupangia barua. Mwaka jana niliona jina lako juu ya bahasha ya jarida, nikajiambia cha dada ni changu, nikalitoa nisome ile hadithi ya mfululizo wakati wa chakula cha mchana. Kesho yake nikalirudisha, bahasha nimeigundisha vizuri. Mwezi uliofuata likakaa siku tatu, kisha wiki. Lile lenye tangazo la mafunzo ya ushonaji nililisahau kwenye droo, chini ya fomu, nilipohamishiwa dirisha la stempu kwa wiki mbili. Likakufikia tarehe ishirini, nafasi zimeshafungwa.

Hilo labda ungenisamehe. Lakini uliponiuliza mara ya kwanza, nilikujibu kwa mzaha kwamba pengine tarishi wenu hulisoma kwanza. Ukaniamini. Maneno yangu ndiyo uliyompelekea postamasta, na mzee wa watu hajawahi hata kulifungua. Naona haya, dada. Hata kuandika haya nimejifungia chumbani, mke wangu asinione uso.

Usiifiche barua hii kwa kunionea huruma. Mpelekee postamasta kabla ya Ijumaa, aisome yote. Nimempa dereva wa basi akukabidhi mkononi, maana kwa posta ingepita kwanza mezani kwangu, na sijiamini.

Nisalimie shemeji, na watoto mmoja mmoja. Kwa mke wa Bwana Kengele sina salamu za kutuma. Mpe jina langu tu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba wenu